Aliyeshindwa Anaanza

Jumapili mashine ya Shangazi Regina haikusaga. Siku nyingine zote ilinguruma pale Misunkumilo mpaka kuta zikatetemeka na wanawake wakaongea kwa mikono. Lakini Jumapili, watu wakishatoka misa ya pili, mkanda ulilala, na ule unga mwembamba ulioelea hewani wiki nzima ukapata nafasi ya kushuka. Ulishuka taratibu, kama kitu kinachofikiri. Jua liliingia kwa matundu ya misumari kwenye bati, likachora nyuzi ndefu mpaka sakafuni, na ndani ya kila uzi chembe zile nyeupe zilicheza zisimguse mtu.

Eufrazia aliipenda saa ile kuliko saa zote za dunia. Alikuwa amekaa kwenye benchi la wateja, ubao wa drafti mbele yake, akifuta miraba kwa upindo wa khanga. Ubao wenyewe ulikuwa mfuniko wa sanduku la zamani, umepakwa rangi ya kijani na nyeupe. Kete zilikuwa vizibo vya soda. Vyake viliwekwa chali, midomo juu. Vya Masele vilifudikizwa. Alivipanga vyake kwanza, kisha akapanga vya Masele, ingawa kupanga ni kazi ya aliyeshindwa, na kila kizibo alichokifudikiza alikishika kidogo zaidi ya inavyotakiwa.

"Leo atanishinda," alijiambia. "Mungu wangu, leo anishinde."

Maana neno lilikwishatoka. Wakati watu wanavuna, Masele alisimama hapohapo kwenye mzani, gunia la mahindi begani, akasema mbele ya wateja wote: "Eufrazia, mimi nataka kukuoa." Mashine ilikuwa imezimika ghafla kwa sababu umeme ulikatika, kwa hiyo sentensi aliyodhani atamnong'oneza ilisikika hadi barabarani. Watu waligeuka. Eufrazia, ambaye hakuwahi kushindwa na mwanamume yeyote kwenye ubao ule, alihisi uso unamuwaka. Na kwa kuwa hakutaka waone furaha yake, aliwaonyesha kiburi.

"Siku ukinishinda drafti," alisema, "nitakujibu."

Watu walicheka mpaka wakapiga makofi. Neno la ndiyo alikuwa nalo siku ileile, limemkaa ncha ya ulimi. Alidhani litakaa wiki mbili tu. Sasa mashamba yalikuwa yamelimwa, mvua za kwanza zilikuwa zimeanza kunukia upande wa Ilembo, na Masele alikuwa bado anashindwa kila Jumapili, anacheka, anapanda baiskeli, anaondoka.

Asubuhi ile mama yake alikuwa amepiga simu kutoka Ikola, ziwani.

"Kesho mjomba wako Arcade anapandisha lori la dagaa huko Mpanda," mama alisema. "Likishusha mzigo, unarudi naye. Keshokutwa wazee wa akina Optatus wanakuja kusikia jibu la posa yao."

"Mama, mimi sijamkubali Optatus."

"Umemkataa?"

"Sijamkataa pia. Sijasema kitu."

"Basi ndiyo hivyo. Asiye na jibu hujibiwa na wenzake." Eufrazia akasikia nyuma ya mama watu wakigeuza dagaa juani. "Nimesikia kuna Msukuma huko. Mwanangu, sina ugomvi na kabila la mtu. Lakini wafugaji wana miguu. Leo wako Ilembo, nyasi zikiisha utasikia wamevuka Rukwa, mara wamefika sijui wapi. Mimi nitakutafutia wapi? Mtumbwi wa Optatus ukitoka, unarudi pwani ileile. Huyo wako, siku mambo yakimwendea vibaya atabaki?"

Eufrazia aliaga, akakata simu. Angesema nini? Kwamba anampenda mtu ambaye hata kumjibu hajamjibu?

"Mbona umeinama hivyo? Unaisomea misa hiyo drafti?" Alikuwa Kassiani, fundi mashine, mtu wa makamo ambaye nyusi zake hazikuwahi kuonekana bila unga hata siku ya Krismasi. Alikuja na kopo la grisi, akapiga magoti kando ya mtambo. "Ngosha wako, yule kijana wa Kisukuma, hajafika?"

"Sina ngosha mimi."

"Haya, ngosha wa jirani. Jana nilimwona mnadani. We! Nilikuwa nimesindikiza mbuzi wa shemeji. Nakuta watu wamezunguka ubao pale kwa wachuuzi wa ng'ombe, nachungulia, nani yuko katikati? Masele. Kila anayekaa anainuka anajikuna kichwa. Kuna mzee mmoja alivua kofia yake akamvisha. Nikasema moyoni, huyu ndiye anayechapwa na mtoto wa kike kila Jumapili?"

Upindo wa khanga ulisimama mkononi mwa Eufrazia.

"Alicheza na nani?"

"Uliza hakucheza na nani," alisema Kassiani, akaendelea kupaka grisi, asijue amewasha nini.

Michezo ya nyuma ilimrudia Eufrazia mmoja mmoja, kama watu wanaoingia chumbani kimya wakiwa wamevua viatu. Kwenye drafti kula ni lazima. Kete ya mwenzako ikisimama mbele yako na nyuma yake pako wazi, utake usitake, unakula. Lakini wakati mwingine njia ni mbili, na hapo mtu anachagua. Na Masele, akipewa njia mbili, alichagua mbaya. Kila mara. Alikuwa anakuna kidevu, anatazama juu kwenye bati, anasema "ngoja nijaribu huku," na huku kulikuwa shimo.

Alikumbuka jinsi moyo ulivyokuwa ukimdunda akisubiri mkono ule utue. Alikumbuka, akaona aibu, na aibu ikageuka moto.

Baiskeli iligonga ukuta nje. Masele aliingia akiinamisha kichwa mlangoni, mrefu, shati la misa bado limefungwa vifungo vyote, na mkononi ana kifuko cha mahindi ambacho hakikujaza hata sado.

"Shikamoo, mayu," alimwita mama kwa Kisukuma, akimsalimia Shangazi Regina, aliyekuwa amekaa mlangoni akichambua maharage kwenye ungo.

"Marahaba, baba. Mahindi tena? Leo Jumapili, mashine imelala."

"Yatasubiri kesho, mayu."

"Mlianza na gunia, mkaja na debe, sasa kifuko. Nyie huko kwenu mnakula punje moja moja kama kuku?"

Kassiani alicheka ndani ya mtambo. Masele naye alicheka, akamtazama Eufrazia, na mtazamo ule ulikuwa na kitu ambacho siku zote kilimfanya Eufrazia asahau alikuwa anasema nini. Leo aliukwepa.

"Kaa," alisema. "Wewe ndiye ulishindwa wiki iliyopita. Aliyeshindwa anaanza."

Ndiyo ilikuwa kawaida ya ubao ule tangu wakati wa marehemu baba yake Eufrazia: aliyefungwa hapangi visingizio, anapanga kete na anaanza. Masele alisukuma kizibo chake cha kwanza kwa kidole cha shahada, taratibu, kama mtu anayegusa shavu.

Walicheza kimya. Jua lilisogea, nyuzi zile za mwanga zikapanda juu ya ubao, unga ukatua kwenye nywele za Masele akawa kama mzee aliyeota tu kwamba ni kijana. Eufrazia aliacha mlango. Aliuacha makusudi na wazi, mlango ambao mtoto angeuona: ukila kushoto unafika mwisho na kupata kingi, ukila kulia unakwisha. Kisha akaegemeza mgongo ukutani.

Masele alikuna kidevu. Akatazama juu kwenye bati.

"Ngoja nijaribu hu..."

"Kula kushoto," alisema Eufrazia.

"Ee?"

"Kushoto, Masele. Kule ulikokuona kabla sijatoa mkono wangu."

Kidole chake kilibaki hewani. "Eufrazia, mimi naona kulia ni..."

"Na jana mnadani uliona nini? Kofia ya yule mzee ilikukaa?"

Shangazi Regina aliinua ungo, akapepeta maharage ambayo hayakuwa na makapi.

Masele alishusha mkono. "Nani kakwambia?"

"Kwa hiyo ni kweli."

"Ni kweli."

"Tangu lini?"

"Tangu mwanzo. Ile mara ya kwanza tu ndiyo ulinifunga mwenyewe."

"Umenionea huruma!" Eufrazia alisimama. "Unajua kwa nini nakaa kwenye ubao huu? Wiki nzima mimi ni wa kuagizwa. Eufrazia pima, Eufrazia zoa pumba, Eufrazia utaolewa lini. Nikikaa hapa, huyu mbele yangu ananitaka nianguke, na mimi namtaka aanguke, na hakuna anayemdanganya mwenzake. Kile kitambo kabla mtu hajasogeza kete, unamtazama macho, hujui anawaza nini, na unajua na yeye hajui unawaza nini... Masele, mimi naishi kwa kile kitambo! Nimekaa hapa Jumapili zote hizi moyo unataka kutoka, nasema sasa ataniona, sasa atanikamata. Kumbe nilikuwa nacheza peke yangu. Ulikuwa unanitazama kama mtu anayemtazama mtoto anajenga nyumba ya mchanga."

"Si hivyo!" Masele naye alisimama, na benchi likalia. "Si hivyo hata kidogo. Nilikuonea huruma? Nilijionea mimi! Ulisema nikikushinda utanijibu. Hukusema utanijibu nini. Ulisema ukiwa umenuna, watu wanacheka. Nikikushinda ukasema hapana, je? Kesho yake nakuja hapa na gunia gani? Nikishindwa, nina Jumapili nyingine. Nakuona unainama hivyo, unauma mdomo, unga umekukaa kwenye kope. Nikasema bora nishindwe mpaka nizeeke kuliko kushinda siku moja nikafukuzwa."

Mbali, upande wa Ilembo, ngurumo ndogo ilipita kama mtu anayesogeza meza chumba cha pili.

Eufrazia alitamani kuendelea kukasirika, lakini hasira ilikuwa inamtoroka. Masele hakumpa nafasi.

"Na wewe je?" aliuliza, na macho yake sasa yaliwaka. "Jumapili iliyopita uliacha ile kona ya nyuma wazi. Wewe! Wewe usiyeacha kona wazi hata ungecheza na padri. Nilikaa pale jasho linanitoka natafuta namna ya kutoingia. Ulikuwa unafanya nini?"

Eufrazia aliinama kurekebisha kizibo kilichokuwa kimekaa sawa. Damu ilimpanda mpaka masikioni.

"Nilisahau."

"Hukusahau."

"Nilikuwa nimechoka."

"Eufrazia."

Alikaa chini polepole, akafunika uso kwa viganja. "Nilikuwa nataka unishinde," alisema ndani ya viganja vyake.

Kwanza ilikuwa pua ya Kassiani iliyotoa sauti. Kisha Shangazi Regina akaweka ungo chini. "Yesu na Maria," alisema. "Watu wawili wazima wanakimbizana nani awahi kushindwa, na mimi hapa nateketeza Jumapili zangu kuwalinda."

Masele alicheka, lakini kicheko kilimwishia njiani. "Ulikuwa unataka nikushinde," alirudia, kama mtu anayeonja asali asiamini ni yake.

"Usinitazame hivyo." Eufrazia alifuta macho, akaacha mistari miwili ya unga mashavuni. "Kesho mjomba Arcade anakuja na lori kunichukua. Keshokutwa watu wa Optatus wanataka jibu. Mama anasema wafugaji wana miguu, mambo yakikwenda vibaya wanahama. Basi tucheze. Mara moja, na kweli. Ukinipa hata kete moja ya sadaka, nitapanda lile lori kesho, na harufu yake ya dagaa."

"Na wewe usinifungulie mlango."

"Nitakufungia na madirisha."

Masele alivua saa, akakunja mikono ya shati. Akapanga. Akaanza.

Ah, mchezo ule! Kassiani aliacha grisi, akasimama nyuma yao mikono kichwani. Masele hakuwa tena yule wa kukuna kidevu. Alikuja kwa nguvu, kama ng'ombe wanaoona maji, akafunga njia ya katikati, akamla kete, akamla nyingine, na kila mara alipoinua macho Eufrazia alikutana nayo uso kwa uso na kuhisi baridi nzuri ikimshuka mgongoni. Huyu ndiye aliyekuwa amefichwa. Huyu ndiye mtu wa mnadani. Anataka kumwangusha, anataka kwa moyo wote, na katika kutaka kule hakukuwa na uongo hata wa punje. Eufrazia hakuwahi kutazamwa namna ile. Alisahau lori. Alisahau Ikola. Ilibaki miraba, vidole viwili vinavyokaribiana na kukwepana, na pumzi ya mtu mwingine ikisubiri pumzi yake.

"Kingi," alisema Masele. Kizibo chake kilikuwa kimefika mwisho wa ubao. Akakibebesha kingine juu. "Unasemaje?"

"Nasema hongera."

"Naona jasho."

"Ni unga."

Kisha Eufrazia akakiona kijia cha ushindi. Kilikuwa kidogo, kimejificha kama jiwe ndani ya mchele. Alisukuma kete yake moja mbele ya kingi, uchi kabisa.

Masele alikunja uso. "Umeapa hutanifungulia."

"Sijafungua kitu. Kula."

"Eufrazia..."

"Lazima ule."

"Najua sheria!" Alikula. Eufrazia akampa nyingine. Alikula hiyo pia, kwa sababu kula ni lazima, na kingi yake sasa ilikuwa imevutwa mpaka pembeni kabisa, mbali na kila kitu ilichokuwa inakilinda. Aliona. Macho yake yalitanuka. Lakini mkono wa Eufrazia ulikwishainuka, na kizibo chake kilichokaa chali kikaruka kimoja, kikaruka cha pili, kikaruka cha tatu, kikatua mwisho wa ubao, tii.

Kassiani alipiga kelele ambayo haikuwa neno.

"Haiwezekani!" Masele alipiga ngumi kwenye benchi. Vizibo viliruka, vikamwagika sakafuni, unga ukapanda kama moshi kati yao. "Haiwezekani! Nilikuwa nimeshinda! Nilikuwa na kingi! Panga tena!" Alikuwa anapumua kama aliyekimbia. "Nimesema panga!"

Eufrazia alimtazama yule mwanamume aliyekasirika kweli, uso umemwiva, nywele nyeupe kwa unga, na alihisi furaha kubwa kiasi kwamba aliogopa kupumua.

Ndipo Masele akakumbuka. Ilionekana jinsi alivyokumbuka. Mabega yalishuka kwanza, kisha mikono.

"Kesho lori," alisema.

"Kesho lori."

"Na sikukushinda."

"Hukunishinda. Kwenye ubao huu, nani anaanza?"

"Aliyeshindwa."

"Basi anza." Masele aliinama kutafuta kizibo, lakini Eufrazia alimwekea kiganja juu ya mkono. Ilikuwa mara ya kwanza kugusana bila gunia katikati. "Sio hapo. Mjomba Arcade anashuka kwenye lori mchana. Nataka amkute mshenga wako amekaa kwenye benchi hili."

Masele hakuelewa, kisha akaelewa, kisha akaogopa kuelewa. "Lakini ulisema..."

"Nilisema ukinishinda nitakujibu. Sikusema nikikushinda nitanyamaza. Ndiyo, Masele. Ni ndiyo tangu siku ile umeme ulipokatika."

"Mshenga nitamtoa wapi mpaka kesho? Wajomba wangu wote wako porini na ng'ombe!"

"Ha!" Kassiani alijipangusa nyusi, zikabaki nyeupe vilevile. "Mimi nimekaa hapa kama kinu? Niazimeni koti tu."

"Koti la marehemu kaka lipo," alisema Shangazi Regina bila kugeuka, maana alikuwa anafuta macho kwa khanga. "Na wewe binti, mpigie wifi yangu. Usimwachie mjomba wako aipokee habari barabarani."

Tone la kwanza la mvua lilipiga bati, kisha la pili. Eufrazia alisogea mlangoni na simu. Ziwani kulikuwa na upepo. Sauti ya mama ilikuwa ikija na kwenda.

"Mama, mjomba aje. Lakini asije kunichukua. Aje kupokea mgeni."

Upepo ulipita kwenye simu.

"Ni yule Msukuma?"

"Ndiyo, mama."

"Regina aliniambia kuna mambo ya drafti. Kwa hiyo amekushinda?"

"Hapana. Nimemfunga. Nimemfunga vibaya sana, mama, alikuwa na kingi."

"Amekasirika?"

"Amepiga benchi mpaka kete zimemwagika."

Mama alivuta pumzi. Eufrazia aliusikia wasiwasi uleule wa asubuhi, mzee kuliko simu, mzee kuliko mama mwenyewe. "Na sasa ameondoka?"

Eufrazia aligeuka. Mvua sasa ilikuwa inanguruma juu ya bati kuliko mashine. Chini, katika unga, Masele alikuwa amepiga magoti na shati lake la misa. Alikuwa anaokota vizibo kimoja kimoja, anavipuliza. Vyake alivifudikiza. Vya Eufrazia aliviweka chali.

"Hapana, mama," alisema. "Anapanga kete."